Sura ya Sita: Taa ya Kijani Katika Chumba cha Nyuma

Sajini mstaafu Crispin Ntirampeba alipoingia mtaa wa Katubuka asubuhi ile ya Alhamisi, alikosa karibu kila kitu ambacho mpelelezi hutakiwa kuwa nacho. Hakuwa na gari. Hakuwa na hati ya upekuzi, maana mtu aliyestaafu miaka minane hapewi. Hakuwa na pingu wala msaidizi. Hakuwa na kompyuta, na tangu azaliwe hakuwahi kumiliki kitu chochote kinachochomekwa kwenye kompyuta. Bahasha alikuwa nayo moja, ya kaki, lakini gundi yake ilikuwa imekauka tangu mwaka juzi. Miwani yake haikuwa na mguu wa kulia; mahali pake alikuwa amefunga uzi wa bluu wa kushonea nyavu za dagaa, ukazunguka sikio na kuishia kwenye fundo alilofundishwa na mama yake pale Kibirizi: mizunguko mitatu, kitanzi kimoja, mkia umekatwa mfupi. Uzi huohuo ndio uliofunga daftari lake lisifumuke.

Zaidi ya hayo yote, hakuwa na muda. Saa yake ilionyesha saa tatu na robo asubuhi. Saa tisa alasiri Bi Joanitha, mwenye duka la kompyuta pale Mwanga, angemfukuza kazi fundi wake Nassib na kumkabidhi polisi kwa mkono wake mwenyewe.

"Mimi sina ugomvi na kijana," Bi Joanitha alikuwa amemwambia jana yake. "Lakini mteja wangu anasema ameibiwa. Mnipe karatasi yenye sahihi ya mtu mzima. Bila karatasi, saa tisa sisubiri dakika."

Mwenyekiti wa mtaa, Bi Dainess, hakusita juu ya nani aandike karatasi hiyo. Kwa miaka thelathini na mmoja ya upelelezi, hakuna faili la Crispin lililowahi kurudishwa na mwendesha mashtaka kwa kukosa kitu. Mji mzima ulilijua hilo, na Crispin mwenyewe hakuwahi kuwasaidia kulisahau.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Miezi mitatu nyuma alifariki Mwalimu Mwinshehe, mwenye nyumba ile ya Katubuka. Binti yake, Zaituni, alikuwa amepata kazi ya kutafsiri Kirundi na Kiswahili kwa njia ya mtandao, na akanunua kompyuta mpya ya mezani ili aiweke katika chumba cha nyuma, kilichokuwa ofisi ya baba yake. Kuta za nyumba ile ni za tofali za kuchoma, nene, za kizamani. Waifai ya sebuleni haifiki kule. Lakini marehemu alikuwa amepitisha waya wa mtandao darini, kutoka sebuleni hadi mezani pake. Jumanne jioni Nassib alileta kompyuta, akachomeka waya ule. Mtandao haukupatikana. Jumatano asubuhi baba mdogo wa Zaituni, Hamimu, alifika kutoka Ujiji, akaitazama mashine, akatangaza kwamba fundi amechomoa kifaa kipya cha mtandao na kupachika kibovu.

Crispin alimkuta Nassib amekaa barazani, mikono kati ya magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwizi?"

"Ndiye mimi ninayeitwa hivyo."

"Umekula?"

"Hapana."

"Mwizi halisi hula kwanza," Crispin alisema, akafungua fundo la daftari. "Una umri gani?"

"Ishirini na sita. Duka la Bi Joanitha nina mwaka wa tatu. Mzee, nikitolewa pale kwa jina hili, mji huu hakuna atakayenipa hata redio nifungue."

"Hilo silo nililouliza. Jumanne. Uliingia saa ngapi, kwa mlango gani?"

"Saa mbili usiku kasoro dakika chache, nimetoka kuswali Magharibi. Mlango wa uani. Sebuleni sikupita. Mama Zaituni yuko eda."

Crispin aliandika. Mama Zaituni, yaani Bi Mwamvua, mjane wa marehemu, alikuwa bado ndani ya miezi minne na siku kumi. Hatoki nje, wala haonani na wanaume wasio maharimu wake. Mchana na jioni hukaa sebuleni, pazia limeshushwa. Mwanamume mwenye adabu hupita uani.

"Ukachomeka waya. Ikawaje?"

"Nyuma ya kompyuta, pale waya unapoingia, pana kitaa kidogo cha kijani. Kikawaka. Nikafurahi. Lakini mtandao hakuna. Nikafungua mashine kuona imepewa namba gani."

"Namba gani tena?"

"Kila kompyuta ndani ya nyumba hupewa namba na ruta, mzee, ile mashine inayogawa mtandao. Ni kama namba ya chumba nyumba ya wageni. Ikikosa wa kuipa, baada ya muda inajipa yenyewe. Ya kujipa inaanza na mia moja sitini na tisa. Ndiyo niliyoikuta."

"Kwa hiyo iligonga mlango, haikujibiwa, ikalala barazani."

Nassib alitabasamu mara ya kwanza. "Hivyo hivyo. Na kifaa kibovu hakigongi mlango. Ndicho kinachoniuma. Kifaa ni kizima."

"Hayo ni maneno yako. Ulikaa muda gani?"

"Saa nzima na ushee." Fundi alisita, akatazama vidole vyake. "Kuna jambo sikumwambia mtu. Nikiwa bado pale, taa ilizimika yenyewe. Sijagusa kitu. Nikatikisa waya, haikuwaka tena."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu, pengine na dakika kidogo."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Ningesemaje, mzee? Taa ilikuwepo, ikaondoka? Wangecheka."

Crispin aliandika *saa tatu na dakika kidogo*, akapiga mstari chini yake.

"Na waya kwa upande wa sebuleni? Ulihakikisha umechomekwa?"

"Nilimwomba Zaituni achungulie kwenye ruta. Akaniambia upo, umechomekwa."

Crispin aligeuza ukurasa. Alikuwa na desturi ya kuandika orodha ya vitu vyote vinavyoweza kuwa na hatia, kisha kufuta kimoja kimoja. Orodha ya leo ilikuwa na vitu vitano: kompyuta, fundi, waya, panya, sebule. Sebule aliifuta palepale. Matanga ya Mwalimu Mwinshehe yeye alikuwepo. Viti, kabati, televisheni na zulia vyote vilitolewa uani ili wanawake watandike mikeka, kama inavyofanyika penye msiba wowote. Na siku ya tatu, baada ya hitima, Crispin mwenyewe ndiye aliyesimamia wanaume wa mtaa kurudisha kila kitu mahali pake. Sebule ile aliijua kama mfuko wake wa shati.

Hamimu alikuwa akimsubiri chumba cha nyuma. Alikuwa mtu mpana, mfanyabiashara wa mawese, na amesimama mbele ya meza kama anayelinda benki. Kompyuta aliizungushia utepe wa plastiki mara nne.

"Kidhibiti cha kesi hakitoki humu," alisema kabla ya salamu. "Wanataka kuirudisha dukani waipime. Wakiipeleka, watakirudisha kile kifaa, kisha waseme mbona nzima."

"Habari za asubuhi, Hamimu."

"Nzuri. Karibu. Mzee wangu, mimi mawese yaliyochanganywa nayajua kwa kunusa, sihitaji kupima. Na huyu kijana nimemnusa."

"Pua haitii sahihi. Uliona nini jana?"

"Sikuona! Ndilo shauri lenyewe. Zaituni ananiambia fundi alimwonyesha taa ya kijani. Mimi nimefika saa mbili asubuhi, nimeinama hapa na tochi, taa hakuna. Kioo kinasema waya haujachomekwa, na waya huu hapa umechomekwa, nauona kwa macho. Sasa taa ilikwenda wapi? Iliondoka na mwenyewe."

"Una kingine?"

Hamimu alikuwa nacho, na alikitoa kwa furaha. Ubavuni mwa sanduku la kompyuta palikuwa na karatasi ndogo ya kufungia, ile ambayo haitakiwi kukatwa. Ilikuwa imekatwa katikati kwa wembe.

"Ilifunguliwa," alisema. "Mashine mpya, imefunguliwa. Mkate umeletwa umeng'atwa."

Crispin aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Ushahidi wa namna hii ndio humfanya mpelelezi mvivu afunge daftari akanywe chai. Akatoka hadi mlangoni mwa jiko, ambako Zaituni alikuwa akichambua mboga.

"Binti yangu, risiti ya kompyuta unayo?"

Alikuwa nayo, ndani ya msahafu wa baba yake asiipoteze. Crispin aliisogeza mbali na macho, akaisoma hadi chini kabisa, mahali ambapo watu hawasomi. Kwa mkono wa Bi Joanitha paliandikwa: *Imefunguliwa dukani mbele ya mteja, imeongezwa kumbukumbu (RAM).* Pembeni, sahihi ya Zaituni.

"Ulikuwepo walipoikata?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyetaka waongeze. Baba mdogo hakuniuliza."

"Hakuniambia!" Hamimu alifoka kutoka ndani.

"Hukuniuliza, baba mdogo. Ulikuwa unanusa."

Crispin alirudi chumbani bila kucheka, ingawa ilimgharimu. Moja limekwisha: karatasi iliyokatwa haikuthibitisha wizi. La pili, waya, alilifuata kwa ngazi. Alipanda hadi kwenye mlango wa dari, akaingiza kichwa na tochi ya simu. Waya ulikuwa mweupe, umepigiliwa vizuri juu ya boriti kwa mkono wa mwalimu asiyependa ovyo. Aliufuata kwa macho toka juu ya chumba cha nyuma hadi ulipotumbukia ukutani kuelekea sebuleni. Hapakuwa na meno ya panya, wala kinyesi chake. Hapakuwa na mkunjo. Alishuka na vumbi mabegani, akafuta *waya* na *panya*.

Vilibaki viwili: kompyuta na fundi. Na saa ilikuwa saa tano na nusu.

Alikaa kwenye kiti cha marehemu, akaweka daftari juu ya goti. Kwenye ukurasa mmoja palikuwa na maneno ya Nassib: taa iliwaka saa mbili, ikazimika saa tatu. Ukurasa wa pili palikuwa na maneno ya Hamimu: saa mbili asubuhi taa hakuna. Katika kazi yake, mashahidi wawili wanapopingana watu hukimbilia kuuliza nani mwongo. Crispin alijifunza, tena kwa aibu, katika kesi ya mitumbwi miwili ya Kibirizi, kwamba swali hilo huja la mwisho. La kwanza ni hili: je, wote wawili wanaweza kuwa wakweli?

"Nassib!" aliita. "Njoo humu. Hamimu, mwache aingie, hatakula meza."

Fundi akaingia, akasimama mbali na kompyuta kama mtu aliyeonywa kuhusu mbwa.

"Taa ile inawashwa na nini? Na kompyuta?"

"Na pande zote mbili, mzee. Waya una ncha mbili. Kila ncha lazima iwe kwenye mashine iliyo hai. Upande mmoja ukizimwa, taa ya upande wa pili inakufa."

"Jumanne saa mbili usiku upande wa pili ulikuwa hai."

"Ndiyo."

"Saa tatu ukafa."

"Ndiyo."

"Na ruta je? Hiyo ruta ya sebuleni huzimwa saa tatu?"

Zaituni, aliyekuwa amesimama mlangoni na kisu cha mboga, ndiye aliyejibu. "Ruta haizimwi, mzee. Mama huongea na dada yangu wa Kasulu kwa waifai asubuhi, mchana, jioni. Hata sasa hivi anaongea naye."

"Jana asubuhi, baba yako mdogo alipokuwa hapa na tochi, mama alikuwa akiongea?"

"Alikuwa akiongea."

"Kwa hiyo ruta ilikuwa hai, na taa haikuwaka." Crispin alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha, uzi ukakaa nyuma ya sikio. "Basi huu waya hauendi kwenye ruta."

Hamimu akacheka. "Unaenda wapi, Kongo?"

"Unaenda kwenye kitu kinachoamka saa mbili usiku na kulala saa tatu. Zaituni, ndani ya nyumba hii ni nani mwenye ratiba hiyo?"

Binti alifikiri, kisha kisu kikashuka taratibu.

"Televisheni," alisema. "Mama haangalii kingine tangu msiba, ni taarifa ya habari tu. Nawasha saa mbili, ikiisha nazima. Nazima pale ukutani kabisa, televisheni na king'amuzi chake, umeme wa LUKU usiende bure."

"Na ulipochungulia Jumanne, uliona nini kwenye ruta?"

"Niliona waya umechomekwa."

"Waya mmoja?"

"Mmoja. Si ndio huo?"

Nassib alijishika kichwa. "Mmoja ni ule unaoleta mtandao toka nje! Lazima iwe miwili!"

"Punguza sauti, kuna eda," Crispin alisema. "Tutapima kwanza. Hamimu, kata utepe wako."

"Kidhibiti..."

"Hatukifungui. Tunakiwasha. Inama hapa na tochi yako, pua mbali, macho karibu. Zaituni, nenda sebuleni. Ukiwasha televisheni sema."

Wanaume watatu wakainama nyuma ya meza, vichwa vinagusana. Tundu la waya lilikuwa jeusi. Kutoka sebuleni ikasikika sauti ya Bi Mwamvua ikiuliza kuna nini, ya Zaituni ikimjibu, kisha:

"Nawashaaa!"

Ilipita kama pumzi kumi. Hamimu alifungua kinywa kusema neno. Kitaa cha kijani kikawaka.

"Zima!" Crispin akaita.

Kikazimika.

"Washa!"

Kikawaka.

"Sasa hivi mnacheza na umeme wa mjane," Hamimu alinong'ona, lakini hakuondoa macho.

"Ulisema iliondoka na mwenyewe," Crispin alimwambia. "Imerudi, na mwenyewe yuko hapa mkono wako wa kushoto."

Hamimu alizima tochi. Kisha, kwa haraka ya mtu anayetafuta pa kuweka hasira yake, akapata. "Haya. Kijana hakuiba, nimeona. Lakini kuna mjinga aliyechomeka waya wa kompyuta kwenye king'amuzi. Huyo ndiye aliyenipandisha Katubuka siku mbili nimeacha mapipa yangu. Nataka jina lake liandikwe. Andika, mzee. Jina kamili."

"Nitaliandika."

Crispin alisogea hadi kwenye pazia la sebule, akasimama hatua tatu nyuma yake.

"Bi Mwamvua, hodi. Ni Crispin."

"Karibu, baba. Nimesikia mnapiga kelele za mpira."

"Samahani sana. Naomba ruhusa yako. Ningependa kuingia sebuleni, kusogeza kabati la televisheni. Kama utakubali kukaa chumbani kwa robo saa."

"Robo saa tu? Kijana wa watu anaitwa mwizi kwa ajili ya kuogopa pazia langu. Mngeniambia tangu Jumanne ningekaa chumbani hadi leo." Nyayo zikaburuzika, mlango ukafungwa. Sauti yake ikaja kutoka ndani zaidi: "Haya, ingieni. Na msinivunjie vikombe vya marehemu."

Wakaingia. Ilikuwa sebule aliyoiacha miezi mitatu nyuma, kila kiti mahali pake, zulia limenyooka. Juu ya kabati palikuwa na ruta, taa zake zinapepesa, na waya mmoja tu nyuma yake. Nassib na Hamimu walishika kabati kila mmoja upande wake, wakalivuta kutoka ukutani.

Nyuma palikuwa safi kuliko nyuma ya makabati mengi. Waya mweupe ulitoka kwenye tundu la ukuta, ukapanda moja kwa moja, ukaingia nyuma ya king'amuzi, kwenye kitundu cha mraba kilichofanana kabisa na vile vya ruta. Ulikuwa umeingia vizuri, hadi mwisho. Na ili usichomoke, aliyeuweka alikuwa ameufunga pamoja na waya wa umeme kwa uzi wa bluu wa nyavu. Mizunguko mitatu. Kitanzi kimoja. Mkia umekatwa mfupi.

"Mnaona?" Hamimu alisema. "Mtu kachomeka, kaona haitoshi, kafunga na fundo. Ujinga una bidii, huu. Nani huyu? Nani alikuwa anashika waya siku ile ya kurudisha vitu?"

Zaituni alikuwa akitazama fundo. Kisha akatazama sikio la Crispin. Kisha akatazama chini, kwa heshima, kama mtu aliyemkuta mzee wake hajafunga vifungo.

Crispin aliinama, akaligusa fundo kwa kidole. Alikumbuka sasa. Alikuwa ameukuta waya unaning'inia, akatafuta tundu unalofanana nalo, akalipata, akaridhika. Kisha akawaambia wanaume wa mtaa, mbele ya kila mtu, kwamba waya usiofungwa ni kazi nusu.

Alivua miwani, akaiweka juu ya kabati, fundo la miwani kando ya fundo la waya.

"Hamimu," alisema, "ulitaka jina kamili. Crispin Ntirampeba, mwana wa Ruhasha. Andika mwenyewe ukitaka, kalamu hii."

Hamimu alitazama fundo moja, akatazama la pili.

"Mzee, mimi... lile neno la ujinga sikulielekeza..."

"Umelielekeza mahali pake. Liache hapo." Akavaa miwani. "Nassib, kisu. Kata."

Fundi alikata uzi, akachomoa waya kwenye king'amuzi, akauchomeka kwenye ruta, kitundu cha pili. Walirudi chumba cha nyuma wote wanne, kwa mstari. Kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka, na pembeni yake kitaa kingine cha rangi ya machungwa kikipepesa, ambacho hawakuwa wamekiona kabla. Nassib alifungua pale panapoonyesha namba. Sasa ilianza na mia moja tisini na mbili.

"Hiyo imepewa," alisema. "Hiyo ni ya ruta."

Zaituni alikaa kwenye kiti cha baba yake, akafungua ukurasa wa kazi yake, nao ukajaa kioo chote. Aliweka tu viganja vyote viwili juu ya meza, mahali ambapo mbao zilikuwa zimelainika kwa mikono ya mwalimu.

Kutoka chumbani kwa mjane sauti ikauliza: "Kimepatikana?"

"Kimepatikana, mama."

"Na mwizi?"

"Hakuna mwizi, Bi Mwamvua," Crispin alijibu. "Kuna fundi mwingine aliyejituma kupita kiasi siku ya matanga. Tutamshughulikia."

Hamimu alikuwa amesimama mbele ya Nassib. Alikohoa. "Kijana, nilikunusa vibaya. Nina mafua wiki hii."

"Hamna shida, mzee."

"Shida ipo. Nikiwa na kompyuta nitakuja kwako, na nikisema kwako namaanisha kwako, si kwa mwingine." Akampa mkono, akaushikilia kwa muda. "Ila kompyuta sina. Una matumizi na mawese?"

Saa ilikuwa saba na dakika arobaini. Zaituni aliandaa chakula barazani, ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, na Nassib akala kama mtu asiye na kesi. Crispin hakugusa sahani yake. Aliomba meza, akaandika kwa herufi zilizosimama, moja moja, bila kufuta:

*Kwa Bi Joanitha, Mwenye Duka, Mwanga. Nakala kwa Mwenyekiti wa Mtaa.*

*Yah: Fundi wako Nassib na kompyuta ya Katubuka.*

*Nimechunguza shauri hili tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana. Kompyuta ni nzima na haijaibiwa kitu. Karatasi ya kufungia ilikatwa dukani kwako mbele ya mteja. Soma mstari wa mwisho wa risiti yako. Waya wa mtandao ulikuwa umechomekwa nyuma ya king'amuzi badala ya kwenye ruta, tangu siku ya tatu ya matanga ya marehemu Mwalimu Mwinshehe. Ndiyo maana taa ya kompyuta iliwaka televisheni ilipowashwa na kuzimika ilipozimwa. Jambo hili limepimwa mara tatu mbele ya mashahidi watatu.*

*Nassib alisema kweli tangu neno la kwanza. Hakuingia sebuleni kwa sababu ya adabu, na adabu hiyo nusura imponze.*

*Aliyechomeka waya vibaya ni mimi. Nilipoanza uchunguzi niliifuta sebule kwenye orodha yangu kwa sababu ni mimi niliyeipanga. Hilo ni kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Nakuomba umrudishe kijana kazini leo hii, na watu waliomsikia akiitwa mwizi nao wasikie barua hii ikisomwa.*

Akatia sahihi. Hamimu akaomba kalamu, akatia yake kama shahidi, kubwa kuliko ya mwandishi. Zaituni naye akatia.

"Mzee," Nassib alisema kwa sauti ya chini, "hiyo aya ya mwisho ungeweza kuiacha. Bila hiyo pia ningepona."

"Ningeiacha, lingekuwa faili la kwanza kurudishwa."

Alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha ya kaki. Gundi, kama ilivyojulikana, haikuwepo. Akamega ugali wa muhogo kutoka kwenye sahani yake, akaulainisha kati ya vidole kwa tone la maji, akaupaka kwenye ukingo wa bahasha toka kona hadi kona, akaubana kwa kiganja na kuhesabu hadi mia moja. Ugali wa muhogo hushika. Ule uzi wa bluu uliokatwa aliutia mfukoni.

Elia wa pikipiki, anayepaki pale kona, aliitwa akaja.

"Shikamoo, mzee. Wapi?"

"Mwanga, duka la kompyuta la Bi Joanitha. Mkononi mwake yeye, si mezani, si kwa mtu mwingine. Kabla ya saa tisa. Na mpakie huyu, anarudi kazini."

Elia aliipima bahasha kwa mkono. "Akiniuliza imetoka kwa nani?"

"Mwambie afungue. Nimo mara mbili, juu kama mchunguzi, chini kama mkosaji. Asije akadhani ni watu wawili."

Nassib akapanda nyuma, pikipiki ikateremka barabara ya vumbi kuelekea Mwanga. Crispin alifungua daftari, akaandika *saa nane na dakika kumi, imetumwa*, kisha akarudi kwenye orodha yake ya asubuhi na kuiandika upya, kwa wino mwingine, *sebule*.